Tenga la Bi Nyamizi

Kazi yangu ni kufuta.
Chumba kiko juu ya duka la mbolea, si mbali na stesheni ya Tabora.
Tuko watatu, feni moja, na foleni ya matangazo
isiyojua Ijumaa wala sikukuu.
Shilingi ishirini kwa kila tangazo nililolipitia,
liwe limepita, liwe limekwama.

Watu huniuliza: hilo soko lenu la kwenye simu
linakula wapi, ikiwa kutangaza ni bure?
Linakula kwenye haraka ya mtu.
Bure ni kule chini, ukurasa wa tisa,
mahali ambapo hata anayekudai hafiki.
Ukitaka kuonekana: elfu mbili, nyota ya siku tatu.
Siku ya nne nyota inazima
nawe umeshaonja kuonekana.
Na pembeni, kandokando ya pikipiki na viwanja,
kampuni ya mbegu imekodi ukuta,
benki imekodi dari.

Zipo sheria. Nimezibandika mezani kwa uji wa muhogo.
Mbuzi, ruksa. Kuku, ruksa, wa mayai na wa kuchinja.
Mbwa, paka, kasuku: futa.
Niliuliza sababu, nikajibiwa kwa mistari miwili:
wapo waliolipia mtoto wa mbwa wakaletewa picha tu,
na yapo majike yanayozalishwa hadi yakauke.
Sikubisha.
Ila mchana ule nilikula kuku
nikajiuliza yeye alikosea wapi kutafuta mdhamini.

Jumanne, tangazo la mia moja na kumi na mbili:
WATOTO WA MBWA WANNE. MAMA MKALI. BEI MAELEWANO.
Nyota imelipiwa.
Niliutambua ukuta kabla ya mbwa:
ufa ule unaopinda kama mto,
khanga iliyopasuliwa katikati ya methali,
na Siombi mwenyewe kalala ubavu,
jina alilopewa kuwasuta majirani,
sisi tukiwemo.
Bi Nyamizi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, Isevya.
Nikafuta. Shilingi ishirini.
Pesa ya nyota hairudishwi; nayo ni sheria.

Jioni akaja, simu kaishika kwa ncha za vidole
kama dagaa walioharibika.
"Mwanangu, wewe si mtu wa mitandao?
Nitazamie shetani gani kala mbwa wangu."
Sikumwambia shetani kakaa mbele yake, anapuliza chai.
Nikasema, kwa sauti ya mtu asiyehusika:
labda uuze kitu kingine.
Labda uuze tenga,
na hao wawemo ndani tu, kwa bahati.
Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Alhamisi likaja.
TENGA IMARA, LIMESUKWA SIKONGE, LINA ZAWADI NDANI.
Nyota ya pili, elfu mbili nyingine.
Kwenye picha, masikio manane.
Sijawahi kutazama tangazo kiasi kile.
Msimamizi akakohoa.
Nikaandika: vyombo vya nyumbani.
Likapita.

Jumamosi akashuka mtu kutoka Nzega, mchuuzi wa nyanya.
Akaligonga tenga, akalikandamiza kwa goti,
akatoa elfu tatu na mia tano bila kuomba punguzo.
Kisha akawatoa wale watoto mmoja mmoja,
kwa adabu, akawapanga sakafuni.
"Zawadi baki nayo, mama. Mimi nina nyanya."

Elfu nne zimekwenda, elfu tatu na mia tano zimerudi,
na tenga halipo.
Hesabu hiyo Bi Nyamizi aliipiga kwa sauti, mlangoni, akinitazama mimi.
Siombi akasogea, akalala palepale tenga lilipokuwa,
duara la vumbi bado linaonekana,
na wanne wakamfuata kwa matumbo.

Nikamwomba yule mwenye doa jichoni.
Nikauliza bei.
"Hawauzwi," akasema. "Si mlishasema?"